Kiunza cha Babu Kilichogeuka Viola

Enzi zetu viola haikununuliwa, ilichongwa. Watu wa umri wangu wanakumbuka kwamba viola ndilo jina tulilolijua la gitaa kule kwetu pwani, kaskazini mwa Quiterajo. Asubuhi tulikula muhogo uliolala, tukaenda shule kukariri kwa Kireno majina ya mito ya Ureno ambayo hakuna aliyewahi kuiona, na mchana tukarudi kwenye mbao zetu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Vijana wa leo wakipata lengelenge moja hulipiga picha.

Mwenzangu alikuwa Saide, mtoto wa seremala. Redio ya betri ya baba yake ndiyo iliyotutia wazimu wa viola ya umeme. Tulitoa sumaku kwenye spika iliyokufa, tukaizungushia waya mwembamba wa shaba mpaka vidole vikafa ganzi, tukaiunganisha na redio. Nyuzi zetu za kwanza zilikuwa mshipi wa kuvulia samaki. Redio ikanyamaza kimya. Ilituchukua siku mbili kujua kwamba sumaku inataka chuma, tukang'oa waya za breki za baiskeli ya mjomba wangu. Yeye alijua habari hiyo akiwa mteremkoni.

Viola ya kwanza tuliichonga kwa msufi, ndogo kama mbuzi ya kukunia nazi. Sauti ilitoka ikafa papo hapo, kama kikohozi. Ya pili ilikuwa ya mnazi mbichi, pana, na sauti yake ilikuwa nene lakini kama imefunikwa blanketi. Saide, aliyezaliwa katikati ya maranda, akasema, "Nyuzi hazina kosa. Tunataka ubao mpana, mzito, uliokauka miaka. Huu unakunywa sauti." Nilimwamini, kwa sababu ule waya tuliouzungusha kwenye sumaku haukuwa umetiwa nta, ulilegea, na ulisikia kila kitu. Ukigusa ubao kwa ukucha tu, redio inagonga.

Ubao wa namna hiyo nilijua ulipo. Babu yangu mzaa mama alikuwa amekwishajiwekea kiunza chake, ule ubao wa kumfunikia maiti kaburini. Kilikuwa cha mninga, kimelazwa juu ya boriti za chumba chake tangu kabla sijazaliwa. Kila Ijumaa akitoka kusali alikigonga kwa ncha ya bakora asikilize kama mchwa wameingia. Ko, ko, ko. Sauti nzito, kama inatoka chini ya nyumba. "Kizima bado," akisema, "na mwenyewe mzima bado." Sisi wajukuu tulicheka mpaka tukaanguka.

Siku moja alipokwenda shambani, tulikishusha tukakata karibu nusu. Kilichobaki tulikirudisha juu, ncha iliyokatwa tukaificha upande wa ukutani. Mimi ndiye niliyeshika msumeno. Saide alishika ubao tu.

Viola ile iliimba. Ukigusa uzi mmoja, unavuta pumzi, unaitoa, unavuta tena, sauti ingali ipo. Tatizo ni kwamba iliendelea hata baada ya kuuzima uzi kwa kiganja.

"We, toa mkono kwenye ubao," Saide akaniambia.

"Sijaweka mkono."

Alitazama mikono yangu, akaenda zake kwao. Hakuigusa tena.

Ijumaa iliyofuata babu aliinua bakora, akagonga. Sauti ilitoka nyembamba. Akagonga tena, kichwa amekiinamisha.

"Sauti imepanda," akasema. "Ubao ukipungua, sauti hupanda. Au masikio yangu yamezeeka, mwenzangu?"

Nikasema, "Ni masikio yako, babu."

Alinitazama, akatabasamu kidogo, akaiegemeza bakora ukutani. Tangu siku hiyo hakugonga tena.

Mvua hazijakatika, akafariki. Mjomba alipokishusha kiunza, watu waliiona ncha iliyokatwa. Kaburini kilimfunika kutoka kichwani hadi mapajani. Miguu ilifunikwa kwa fito za mikoko zilizokatwa kwa haraka. "Nani amefanya hivi?" mjomba akauliza. Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Nikayatazama maji.

Sikusema siku ile, wala nilipooa, wala mjomba alipokuwa anakata roho. Mwaka vita vilipotukimbiza kijijini, wenzangu walibeba unga na mikeka, mimi nikabeba viola. Kaburi limebaki huko, na sijui kama kuna mtu anayelipalilia.

Mwezi uliopita alikuja mjukuu wangu Momade, anayepika kwenye kambi ya gesi ya Afungi, na spika yake ndogo. "Babu, siku hizi mbao si kitu," akanieleza kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ndogo, kubwa, msufi, mninga, sauti zote zimo humu kwenye simu." Akaiunganisha viola yangu anionyeshe. Ilikuwa Ijumaa, tumetoka kusali. Viola imelala mkekani, nyuzi zimelegezwa, hakuna aliyeigusa.

Spika ikagonga mara tatu.

"Nani anagonga, babu?"

Yale maneno ya zamani yalinifika mdomoni. Ni masikio yako, mjukuu wangu. Nikayameza, nikamsimulia yote, yeye wa kwanza. Hakucheka. Alichomoa waya taratibu, akaukunja.

Enzi zetu tuligonga ubao, tukainamisha kichwa, tukajua kama ni mzima. Wa leo wana sauti zote mfukoni na hawagongi kitu. Nawaonea wivu, maana na mimi natamani nisingekuwa najua kusikiliza. Ubao wa viola ile naujua. Nimeishi nao, ni mfupi, sauti yake iko juu. Iliyotoka kwenye spika ilikuwa nzito, ya chini kabisa, ya kiunza kizima kabla sijakikata.