Choroa kwenye Mkanda wa Babu

Wiki mbili kabla ya harusi yangu nilikosa usingizi kwa sababu ya mnyama wa fedha mwenye ukubwa wa kifuniko cha soda. Sikujua kama nimvae au nisimvae. Kila nilipoamua, nilikumbuka sababu nzuri ya kuamua kinyume.

Alikuwa kichwa tu, chenye pembe, juu ya majani mawili. Alipachikwa kwenye mkanda wa jambia la babu, na wanaume wa familia yetu huuvaa mkanda ule siku ya kuoa. Baba aliuvaa, ami zangu wawili waliuvaa, na kila mara bibi alisimama mlangoni kwetu Ibra akawaambia wageni kwamba yule ni choroa, swala mkubwa wa jangwa letu, nishani aliyopewa babu na wakubwa wa nchi aliporudi kutoka Tanganyika. Kila mtoto wa Oman anajua kwamba pembe za choroa zimenyooka kama fimbo. Za huyu zilikuwa na matawi. Nilipokuwa na miaka saba nilimwuliza bibi kwa nini.

"Huyu mzee," alisema. "Zimeota."

Nilikua, nikasoma uhandisi, nikapata shahada, na sikuuliza tena.

Ndipo nikaupeleka mkanda Nizwa ukasafishwe. Dukani kwa sonara alikuwamo mtalii wa Kijerumani, mwalimu mstaafu, akichagua bangili. Alimwona mnyama, akavaa miwani, akaomba kutazama nyuma yake. Alitazama muda mrefu. Kisha akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu kwamba ile ni beji ya kikosi cha kujitolea kilichoundwa kwao baada ya vita vikuu vya kwanza. Askari walikuwa wamerudi, hawana kazi, wakajiunga na vikosi vile. Wengine walipigana mipakani. Hawa wa beji hii waliwapiga risasi wafanyakazi katika miji yao wenyewe.

"Ni nadra sana," alisema. "Nimewahi kuiona kitabuni tu. Huyu ni kulungu wa kwetu. Unaivaa lini?"

"Ijumaa ya wiki ijayo. Naoa."

Alifikiri kidogo, akanipongeza.

Tatizo langu halikuwa Wajerumani. Mkwe wangu, baba wa mchumba wangu wa Sur, alikuwa askari mstaafu. Nishani zake nne zilikuwa ukutani, na kila moja aliweza kukueleza aliipata wapi na nani alikufa siku hiyo. Nilipokwenda kuposa aliniuliza kwetu kuna nani aliyewahi kuitumikia nchi. Nikamtaja babu na choroa wake. Akawaita kaka zake waje wanisikilize. Nilirudia yote. Mara ya pili niliongeza mkono wa mkubwa mmoja begani kwa babu.

Nikarudi Ibra. Bibi alikuwa akichambua mchele.

"Shikamoo bibi. Yule si choroa."

"Marahaba. Najua."

Aliendelea kuchambua. Babu alikuwa na duka upande wa Arusha, alisema, na Mzungu mmoja mlowezi alizoea kuja kununua sukari. Siku alipoondoka alikiacha kile kidude juu ya meza, akasema hataki kukiona tena. Babu alikipenda kwa sababu ni fedha.

"Sasa choroa katoka wapi?"

"Tulipofika hapa, majirani wakaja. Wakatusikia tunaongea Kiswahili, wakauliza, nyinyi mna nini cha hapa? Nikatazama ndani ya nyumba. Kilikuwamo kile tu kilichong'aa."

Nilimwambia nitakwenda Sur kumweleza mkwe.

"Na akikunyima binti yake?"

"Nitakuwa sijaoa."

"Mavazi tumeshashona," alisema. Akapuliza pumba. "Haya, nenda. Usimwambie mimi mwongo. Mwambie mimi mzee."

Asubuhi iliyofuata nilirudi Nizwa, sonara akaibandua beji. Palibaki matundu mawili na duara jeupe kwenye ngozi. Alitaka kupaziba kwa ua la fedha, bure, kwa ajili ya bwana harusi. Nikamwambia apaache hivyo hivyo. Nikaitia beji mfukoni, nikaendesha gari hadi Sur, na njia nzima nikatunga sentensi za kuanzia. Zilifika kumi na moja. Zote zilikuwa mbaya.

Mkwe alinikaribisha sebuleni, chini ya nishani zake. Tende zikaja, kahawa ikamiminwa. Kwetu mgeni mwenye neno zito hanywi mpaka alitoe, kwa hiyo nilikiweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Alikiona. Akamwashiria mwanawe atoke.

Niliitoa beji, nikaiweka kwenye sinia kando ya tende.

"Ami," nikasema, "zitazame pembe zake."