Weupe Kichwani mwa Njoroge

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali ndogo ya Gilgil, mkuu wa idara ya picha alinionya kabla sijavaa koti jeupe: "Dada, wagonjwa watakusoma uso. Ukishtuka, umeshawapa majibu." Tulipiga eksirei za mifupa tu. Baadaye nikahamishiwa Nakuru, kwenye MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ubongo ulivyo ndani.

Huko ndiko nilikompokea Njoroge, mchomaji nyama wa Kikopey, kule kwenye vibanda vya barabarani. Alikuwa ametolewa uvimbe kichwani, kisha akapigwa mionzi kuua mabaki. Akapata nafuu, mpaka akaanza kusahau oda za wateja na mkono wa kushoto ukalegea.

Nilimdunga dawa ya kung'arisha picha, nikamwingiza mashineni. Pale palipokuwa na uvimbe paling'aa peupe. Nikautuliza uso kama nilivyoonywa Gilgil.

Mkewe, Wambui, alikuwa mlangoni. "Sista, uvimbe umerudi?"

"Siwezi kusema, mama. Daktari wa picha ndiye anayesoma."

Daktari wa picha alitazama kwa muda mrefu. "Tusiseme ni kansa bado. Mionzi yenyewe hujeruhi ubongo, na kidonda chake hufanana na uvimbe uliorudi. Tupime damu inavyopita pale. Uvimbe hai hunyonya damu nyingi, kidonda hunyonya kidogo."

Wiki hiyo tulipomwita tena, Njoroge aligoma. "Mkiniambia kansa imerudi, nitakufa humo ndani."

"Baba Ciku," Wambui akamwambia, "tukikaa bila kujua tutakufa wote wawili."

Njoroge akakubali. Wambui akavua pete na saa kwa ajili ya sumaku, akaingia naye, akamshika mguu mashine ikinguruma.

Damu iliyopita pale ilikuwa haba. "Inaonekana ni kidonda," daktari akasema. *Inaonekana*. Walimpa dawa za kutuliza kidonda hicho, nami nikakaa na neno hilo miezi kadhaa, hadi picha iliyofuata ilipoonyesha ule weupe umenywea.

Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mna mashine bora kuliko zetu, lakini kungoja hakujapata dawa.

Baada ya kustaafu nilipita Kikopey. Njoroge alikuwa akikata nyama polepole, Wambui akimkumbusha oda. Njoroge aliniwekea sahani, akasema, "Jumatatu naenda picha tena."

Mkono wangu ukasimama njiani kuelekea mdomoni.

Wambui akanisogezea kachumbari. "Sista, leo ni Ijumaa. Kula."