Jina Langu Ndani ya Ruta ya Watu

Mwanaume nisiyemjua alinipiga nyundo ya bega saa nne asubuhi, mbele ya wafanyakazi wenzangu, kwa kosa la kulala na mke wake.

Mke mwenyewe nilikuwa sijawahi kumtia machoni.

Nitasimulia taratibu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye kampuni ndogo inayouza intaneti ya majumbani. Sikuisomea darasani. Nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu vilivyoharibika na kuviharibu zaidi, mpaka siku moja kimoja kikawaka.

Ruta, vile visanduku vya kusambaza intaneti nyumbani, tulikuwa tunazipata kwa watengenezaji wa mbali. Zinakuja na programu yake ya kuziseti, lakini programu hiyo inakuja uchi. Haina jina la kampuni, haina rangi, maneno yake magumu, hatua zake kumi na moja.

Kila kampuni inaivalisha nguo zake kabla ya kumpa mteja.

Mvalishaji nilikuwa mimi.

Niliweka nembo yetu. Nikaandika maneno yote upya kwa Kiswahili cha watu. Zile hatua kumi na moja nikazikata zikabaki tano, ili hata mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta achomeke, abonyeze, apate mtandao bila kumwita fundi.

Nikaongeza na ukurasa mmoja ambao bosi aliupenda kuliko zote. Uliitwa "Waliomo kwenye mtandao wako". Ukiufungua unaona simu na kompyuta zote zinazotumia intaneti yako. Jirani akidokoa, umemnasa.

Sasa, ukipanga ukurasa wa namna hiyo unahitaji jina la mfano, uone maandishi yanakaaje.

Nikaandika: Simu ya Mpole.

Mpole ndilo jina walilonipachika ofisini. Nikiongea, mtu lazima asogeze sikio.

Jina la mfano hufutwa kabla ya kufunga kazi. Nililifuta kwenye ukurasa. Nikasahau kwamba limebaki kwenye faili la akiba, lile ambalo programu hulisoma pale inaposhindwa kuipata ruta.

Ofisini kwetu ruta haizimwi. Nilijaribu programu ile kwa siku tisa, nikajaribu kila kitu. Kuzima ruta tu ndiko sikujaribu.

Tukagawa flashi mia sita zenye programu hiyo, moja kwa kila mteja.

* * *

Jumatano hiyo ya nyundo nilikuwa nimeinamia kompyuta. Nikasikia sauti nzito mapokezini.

"Mpole ni nani hapa?"

Dada wa huduma kwa wateja ni mtu wa utani, hana hiana na mtu. Akanyoosha kidole.

"Yule pale wa shati la bluu. Mpole! Umepata mgeni, leo utatuagizia soda!"

Nikageuka natabasamu.

Nyundo ikatua begani. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia maumivu.

Nikaanguka na kiti changu. Buti likanipata mbavuni, la pili likanipata mdomoni. Simu yangu ikaruka mezani, akaikanyaga mpaka ikatapika vioo.

"Inuka, mume mwenzangu! Inuka! Si una nguvu wewe?"

Mlinzi wetu, mzee wa watu, akaja mbio akamkumbatia kwa nyuma. Alipigwa kiwiko kimoja tu. Jino lake nililiona likiteleza sakafuni kama punje ya hindi.

"Kaka," nikasema, damu imejaa mdomoni, "mimi sikufahamu."

"Mimi hunifahamu. Mke wangu je?"

"Mke yupi?"

Akanikwida kola, akanibandika kifua mezani. Mkono wangu wa kulia akaulaza kando ya kibodi, akaushika kwa goti.

"Mke wangu nimemfungia ndani. Nampiga tangu alfajiri, anakufa na siri yako. Nampelekea kidole chako. Akikiona atasema."

Nyundo ikashuka kwenye kidole changu kidogo.

Sitaeleza. Mtu aliyewahi kubanwa kidole na mlango azidishe mara mia.

Nilipopata pumzi nikauliza swali moja tu. "Nani amekwambia ni mimi?"

"Ruta yangu!"

Akachomoa simu mfukoni akanisukumia usoni. Alikuwa amepiga picha skrini ya kompyuta ya nyumbani kwake. Nembo yetu. Rangi zetu. Waliomo kwenye mtandao wako. Mstari mmoja tu:

Simu ya Mpole. Imeunganishwa.

"Alfajiri umeme umekatika, nikafungua kompyuta yangu ya betri nione mtandao una nini, nakuta wewe! Umeme ukarudi, ukajificha. Nikachomoa ruta ukutani kwa mkono wangu. Simu yangu ikakata, ya mke wangu ikakata. Wewe ukabaki! Nimepasua dari. Nimepasua kabati. Ulikuwa umelala wapi?"

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Nikajiuliza ruta kaileta nani. Si nyinyi? Nikapiga simu hapa, mna mtu anaitwa Mpole? Huyo dada yako akanijibu, tena kwa furaha, ndiye fundi wetu wa programu!"

Dada akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa bado naangalia ule mstari. Niliutambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake kwenye daftari la zamani.

"Ni mimi," nikasema.

"Mpole, nyamaza!" dada akapiga kelele.

"Hilo jina ni langu. Nimeliandika mimi. Lakini limo kwenye nyumba mia sita, kaka. Limo na humu. Dada, fungua programu kwenye kompyuta yako. Halafu chomoa ruta."

"Ruta ya ofisi nzima?"

"Chomoa."

Yule bwana alikuwa ameinua nyundo tayari. Sijui kwa nini aliisubirisha. Labda kwa sababu niliongea polepole, kama mtu asiye na cha kuficha.

Dada akachomoa.

Majina ya kompyuta zetu yote yakatoweka kwenye skrini yake. Ukabaki mstari mmoja.

Simu ya Mpole. Imeunganishwa.

"Simu yangu hiyo hapo chini," nikasema. "Umeiua mwenyewe."

Akaangalia vipande vya simu. Akaangalia skrini. Akaenda ukutani, akachomeka ruta kwa mkono wake. Akasubiri. Majina yakarudi, langu likaondoka. Akachomoa, langu likarudi.

Alifanya hivyo mara tatu.

"Kwa hiyo hakuna mtu?"

"Hakuna mtu. Ni jina la mfano, nilisahau kulifuta. Kaka, mkeo umemwacha katika hali gani?"

Nyundo ikamtoka mkononi.

"Nilipotoka alikuwa bado anaongea," akasema.

* * *

Tulipanda gari la mafundi, mimi, mlinzi, yule bwana na dereva. Mlinzi, mdomo umevimba, alimshika yule bwana mkanda wa suruali njia nzima kama mtu anayeshika mbuzi.

Njiani ndipo nilipojua kazi yake. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Kutwa anapiga bati mpaka linyooke.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, mlango wa chuma, kufuli kwa nje. Ufunguo akauchomeka kinyume. Mlinzi akamnyang'anya akafungua yeye.

Dari lilikuwa linaning'inia vipande vipande. Kabati limelazwa kifudifudi. Godoro limechanwa. Ruta yetu ilikuwa imerudishwa kwenye soketi, taa zake za kijani zinawaka vizuri, kazi safi.

Mkewe alikuwa jikoni, amekaa sakafuni kati ya mtungi wa gesi na ukuta. Jicho moja limefungwa kabisa. Mkono wa kushoto umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Mume akapiga magoti.

"Mke wangu. Mama watoto. Nisamehe. Kumbe kompyuta ndiyo imekosea! Huyu hapa mwenyewe amekiri. Ni kompyuta, mke wangu."

Yule mama hakumwangalia. Aliniangalia mimi, akaangalia na nembo kwenye shati langu.

"Wewe ni wa kampuni?"

"Ndiyo, dada. Huyo Mpole ni mimi. Tusamehe sana."

"Nilipiga simu Jumatatu," akasema. Maneno yalikuwa yanapita kwa shida kwenye midomo iliyopasuka. "Nilichomoa ruta nichomeke pasi. Nikaliona hilo jina kwenye kompyuta. Nikawapigia. Nikawaambia liondoeni kabla hajaliona."



Kabla sijasema neno, mume akainua uso. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka, lakini macho yenyewe yamebadilika.

"Jumatatu?"

Akainuka.

"Yaani ulilijua tangu Jumatatu ukanificha?"

Akamrukia shingoni.

Ndugu zangu, mtu huyo nusu dakika iliyopita alikuwa amepiga magoti anaomba radhi.

Alimkaba kwa mikono miwili, akamgonga kichwa ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili. Dereva akamvuta mguu, akarushwa kwa teke. Mlinzi akampiga rungu la mgongo, hakusikia. Mama wa watu alikuwa anakoroma, jicho lake zima linapinduka.

Mimi nina mkono mmoja unaofanya kazi. Ugomvi sijaujua tangu utoto.

Nilimdaka sikio kwa meno.

Nikauma mpaka meno yakakutana. Akapiga ukelele, akamwachia mkewe akanigeukia mimi. Hapo ndipo rungu la mlinzi lilipompata kisogoni vizuri, akalala.

Tulimfunga kwa waya wa ruta. Ndio uliokuwa karibu, na polisi walimkuta nao.

* * *

Mama alipona. Mkono ulitiwa vyuma. Mimi bega na kidole vikafungwa, nikaambiwa nipumzike.

Sikuweza kupumzika. Kesho yake nilikwenda ofisini kutafuta hiyo simu ya Jumatatu.

Malalamiko ya wateja dada huyaandika kwenye mfumo, nami huyasoma kwa zamu, la kwanza mpaka la mwisho. Kwenye orodha unaona mstari wa juu peke yake. Ukitaka habari yote, lazima ulifungue.

Nililipata. Jumatatu, saa tatu asubuhi.

Mstari wa juu: "Mteja anaona jina asilolijua kwenye orodha."

Pembeni kulikuwa na alama yangu. Kosa la mwonekano. Linaweza kusubiri. Nililipatia namba thelathini na moja, nikaendelea na mengine. Mimi ni mtu wa utaratibu.

Nikalifungua sasa.

"Ni jina la mwanaume, hataki kulitamka kwenye simu. Anasema mume wake ni mpigaji, ameshamvunja mbavu mwaka huu, akiliona hilo jina atamuua. Analia. Tafadhali mtu ampigie leo."

Dada alikuwa ameandika kila kitu. Mimi ndiye sikufungua.

Bosi alikuja akasimama nyuma yangu. Akasoma. Akavuta kiti akakaa.

"Mpole, mwanangu. Hiyo futa."

"Mzee?"

"Yule mume kule polisi anasema kompyuta ilimdanganya, akapandwa na hasira za ghafla. Watamwelewa, atapewa kifungo chepesi. Sisi tunatoa toleo jipya, jina halipo, maisha yanaendelea. Lakini hiyo habari ikitoka, inaonekana tuliambiwa tukalala. Kampuni inakufa. Na aliyelala ni wewe."

Alisema kweli tupu. Aliyelala nilikuwa mimi.

Lakini niliisoma tena, na safari hii niliona kitu kingine. Siku mbili kabla mume hajaona chochote, mkewe alishasema atapigwa, na alishasema ni nani atakayempiga. Hakuna hasira ya ghafla inayotabirika siku mbili kabla. Kompyuta haikumfundisha yule bwana kupiga. Ilimpa sababu tu, kama alivyokuwa na sababu nyingine siku alipovunja zile mbavu.

Kwa hayo ya nyuma, yule mama hakuwa na shahidi mwingine. Ushahidi wake wote ulikuwa mistari minne niliyoshindwa kuifungua.

"Mzee," nikasema, "naomba uniwie radhi."

Nikachapisha nakala mbili kwa mkono wa kushoto. Moja nikamwachia mezani. Nyingine nikaipeleka kituoni kwa miguu, nikaandika maelezo, na kosa langu nikaliandika humo humo.

Jioni nilikuwa sina kazi.

Kesi ilichukua miezi. Ile karatasi ilisomwa kwa sauti mahakamani mbele ya watu wote, mume akiwa ameinamisha kichwa. Alifungwa miaka mingi. Mkewe akahamia kwa dada yake na watoto.

Siku ya hukumu nilimfuata kwenye korido ya mahakama, nikamwomba radhi. Sikuwa na maneno mengi.

Akasimama, akanigeukia.

"Kaka, kwa nini hukusoma?"

"Nilidhani nimesoma, dada."

Akatikisa kichwa. Hakusema amenisamehe, nami sikumdai. Akaondoka, mkono mmoja umekaa kwenye kitambaa, mwingine umeshika mtoto.

Kama kazi yako ni kupokea shida za watu, iwe ni ruta, dawa, maji au karatasi za ofisini, nisikilize mimi niliyeng'ata sikio la mtu kwa sababu ya uvivu wa kubonyeza mara moja. Mtu mwenye shida huanza na kile kidogo anachoweza kukitamka. Kinachomuua hukisema mwisho, akishaona bado unamsikiliza.

Msome mpaka mwisho.