Mama Muuza Viatu vya Mbio

Siku hizi dukani kwake wanauza simu, lakini kila nikipita pale bado namwona yule mama muuza viatu, miwani ikining'inia kifuani, kiatu kimoja katika kila kiganja. Alikuwa akivipima hivyo, amefumba macho, kisha anakirudisha kilicho kizito rafuni. Ukimtajia marathoni, atakwambia, "Nionyeshe kwanza vya zamani," apitishe kidole gumba kwenye soli iliyolika, taratibu, kama anayesoma barua. Halafu atakukimbiza korido nzima, kwenda na kurudi, yeye amekupa mgongo ili asikilize vishindo tu.

Mimi nilitaka vyepesi kuliko vyote, vyembamba kama ganda la kitunguu. "Hivyo vitakufikisha kilomita ya ishirini na tano, mwanangu," aliniambia. "Zitakazobaki utazikimbia kwa magoti." Akanipa vya kijivu, vizito kidogo, nikaondoka nimenuna. Siku ya mbio, kilomita ya thelathini na nne, nilikuwa nimeshaanza kutembea, nikiwaza kuacha, nilipomwona ukingoni mwa barabara, ameinama, akitazama miguu inayopita. Aliitambua yangu kabla ya uso. "Viatu havijachoka," alisema bila kupaza sauti. "Umechoka wewe. Haya, twende." Akavua ndala zake, akazishika mkononi, akakimbia nami peku hadi kwenye kona, akihema. Nilipogeuka kumshukuru, alikuwa ameshainama tena, akitazama miguu ya wengine.