Meno ya Kambo Altarini

Kila nikisikia vigelegele vikipanda kanisani, mkono wangu wa kushoto hujifumba wenyewe. Ndio mkono niliokuwa nikishikia meno ya Kambo.

Kambo, mama mzaa baba, alikuwa mjane wa fundi wa reli, na katika parokia yetu hapa Lubumbashi hakuna aliyemfikia kwa vigelegele. Wimbo wa Utukufu ukianza, ngoma zikilia na kanisa zima likicheza, sauti yake ilipaa juu ya zote. Kisha meno ya mbele yakamwisha. Baba mdogo, aliyefanya kazi mgodini Kipushi, akamnunulia ya bandia, meupe kuliko sahani. Taabu ni kwamba meno yale hayakuzoea kumsifu Mungu. Alipoyajaribu nyumbani, kigelegele cha kwanza kiliyarusha ndani ya bakuli la sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

Basi tukapatana. Kabla ya Utukufu alijifanya anakohoa, akayafunga kwenye kitambaa na kunipa. Akapiga vigelegele huku mkono ukicheza mbele ya mdomo, kama akina mama wengine, kisha nikamrudishia.

"Kamata muzuri," alinionya. "Hiyo njo kinywa yangu."

Jumapili moja nilichaguliwa kupeleka vipaji, yaani matoleo, altarini. Mkono wa kulia nilishika karanga za maganda ndani ya kitambaa kingine. Kabla Utukufu haujaisha, katekista akatupeleka watoto wote wa vipaji nyuma, mlangoni, meno yakiwa bado mkononi mwangu. Kambo akasikiliza mahubiri yote akiwa amefumba mdomo. Zamu yangu ilipofika, nikapiga goti mbele ya Padri kwa adabu kubwa, nikampa kitambaa. Niliporudi kwenye benchi nikabinya kile kilichobaki. Kikavunjika: kra! Karanga.

"Kambo," nikanong'ona, "minamupa Padri meno."

"Padri gani?" akauliza, kana kwamba walikuwa wengi.

Kabla ya baraka, Padri aliinua kitambaa. "Bandugu, nani alimutolea Bwana meno?"

Kanisa likaangua kicheko. Simu zikainuliwa. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Kambo angeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Akasimama. Akatembea polepole mpaka mbele, akapokea kitambaa kwa mikono miwili, akageuka akatutazama. Kisha akainua mikono yote juu na kupiga kigelegele kirefu, kinywa wazi, ufizi mtupu mbele ya parokia nzima. Wapiga ngoma hawakungoja ruhusa. Hata Padri alicheza.

Njiani nilingojea kofi.

"Na karanga?" akauliza tu.

Nilikuwa nimezila zote kwa woga.

Wakati ule nilidhani Kambo hakuwa na haya. Alipofariki, tulitafuta picha yake akicheka, hatukupata hata moja. Ndipo mama akaniambia kwamba tangu meno yamwishe, alikuwa akila peke yake nyuma ya mlango. Kumbe haya alikuwa nayo kuliko sisi sote, na siku ile alitembea nayo urefu wote wa kanisa ili Mungu asikose kigelegele chake.