Mara ya Tatu na Mashine ya Pumzi

Shemeji yangu, mume wa dada, ni dalali wa mnada wa samani kuukuu, na jina lake halisi tulishalisahau. Tunamwita Mara ya Tatu. Anasimama juu ya meza na nyundo ya mbao, "Mara ya kwanza! Mara ya pili!", kisha ananyamaza na kuwakazia macho wanunuzi mmoja mmoja kama anamtafuta aliyemkanyaga, mpaka mwoga mmoja anaongeza bei. Ndipo anapomalizia ya tatu. Hana duka, hana cheti. Mali yake yote ni pumzi.

Kabla ya mnada huja na tambara na polishi. Mguu wa meza ulioliwa anauziba kwa nta, kabati lisilosimama analiegemeza ukutani. "Bidhaa haidanganyi mtu," husema, "inajipamba tu." Mimi hununua pale nikauze kwingine, kwa hiyo najua dawa yake: kitu cha Mara ya Tatu kipindue kwanza. Chini huwa hapaki polishi.

Mwaka jana kifua chake kikaanza kupiga filimbi. Usiku anakohoa, mchana anahema, na kila mtu akawa daktari. Mfamasia alimpa dawa ya maji, kisha vidonge, kisha vidonge vile vile kwenye boksi la rangi nyingine. Jirani alisema ni baridi. Mimi nilisema ni vumbi la makabati. Aliyetaja pumu ni mama mkwe wake peke yake, yaani mama yangu, ambaye ana yake na anaijua sauti yake hata ikiwa ndani ya mtu mwingine.

"Mama, pumu ni ya watoto," shemeji akamjibu kwa adabu. "Mimi nina mjukuu."

"Mimi nina kitukuu, mwanangu, na ninayo."

Mambo yaliharibika siku ya kabati la milango mitatu. "Mara ya kwanza! Mara ya pili!" Akanyamaza, kama kawaida. Akaendelea kunyamaza. Tulidhani ni ujanja mpya, kumbe pumzi imegoma. Aliyekuwa na bei ya juu akapata nafasi ya kuufungua mlango wa tatu, akawaona mchwa, akaenda zake. Kabati nililichukua mimi, kwa bei ya kutupwa ambayo siitaji mbele ya ndugu.

Mwenye mnada akamvuta pembeni. "Kajue una nini, utibiwe. Ukikatika tena, nyundo nampa mpwa wangu." Huyo mpwa ana sauti ya mtu anayeazima chumvi kwa jirani asiyeelewana naye.

Hospitali nilimsindikiza mimi, kwa amri ya dada. Chumba kilikuwa na kiti kimoja, na juu ya meza mashine ya ukubwa wa redio yenye bomba. Binti wa vipimo akambana pua kwa kibanio.

"Baba, vuta hewa ijae kabisa. Kaza midomo kwenye bomba, upulize kwa nguvu zote, kwa mkupuo mmoja, bila kukata. Tutafanya mara tatu."

Aliposikia mara tatu, shemeji akatabasamu kama mtu aliyefika kazini. Akapuliza kama anapoza chai.

"Baba, hujapuliza."

"Hiyo ya kufungulia, binti. Utamu uko mbele."

"Hapa hakuna ya kufungulia. Zote ziwe za mwisho, na zifanane, la sivyo hazihesabiki."

"Biashara gani hiyo, unatoa yote mwanzoni?"

"Vuta! Haya, puliza! Endelea, endelea, bado, bado, baba, usiniangushe!"

Sauti ile ilimwingia. Akapuliza mpaka macho yakamtoka, akarudia, akarudia tena. Alipotolewa kibanio alimuuliza binti kama anahitaji kazi mnadani.

Majibu yakawa safi. Shemeji akanyoosha kola. Lakini daktari hakusimama kumpa mkono.

"Kipimo kizuri. Ila pumu huja na kuondoka, kipimo kimoja kizuri hakiifuti. Umevuta dawa yoyote leo?"

"Mimi? Hata harufu yake siijui."

Simu yangu ikaita. Mama hajawahi kuamini kwamba simu inafikisha sauti; huwa anaisaidia. Chumba kizima kilimsikia: "Nani kaiba inhela yangu ya pumu? Mkwe kaja asubuhi kunisalimia, sasa chini ya mto hamna kitu! Bahati yake nina ya akiba!"

Shemeji akaitoa mfukoni polepole. "Nilivuta kidogo tu, pale chooni. Daktari, mtu hapeleki meza mnadani ina vumbi."

"Baba, mimi sinunui," daktari akasema. "Mimi nataka kuwaona mchwa."

Tulirudi siku mbili baadaye, inhela ikiwa imefungiwa kabatini kwa mama. Safari hii mstari kwenye skrini ulilegea kama kamba ya nguo. Wakamvutisha dawa, akakaa ukumbini robo saa, akapuliza tena: mstari ukapanda.

"Tofauti hiyo ndiyo tuliyoitafuta," daktari akasema. "Njia za hewa zimebana, dawa imezifungua. Ukichanganya na kikohozi cha usiku na filimbi, hii ni pumu. Hii inhela utavuta kila siku, hata ukijisikia mzima."

"Kila siku? Tuseme siku moja moja."

"Kila siku."

"Siku za mnada tu, daktari, tumalizane."

"Kila siku, baba. Nimeshafunga."

Sijawahi kumwona akishindwa bei.

Mwezi ule mwenye mnada alimvumilia, huku mpwa akizunguka na nyundo nyumbani akijizoesha. Kisha ikaja meza ya kulia, pana, inang'aa. Nilisimama pembeni nikisubiri pumzi ikatike, maana kabati lile lilinizoesha vibaya.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili!"

Kimya. Kimya kirefu. Nikajua tayari, imegoma. Nikanyanyua macho nikamkuta ananitazama mimi, mimi tu, na kifua kinapanda na kushuka taratibu bila filimbi hata kidogo. Sijui nilipatwa na nini. Nikaongeza bei.

"Mara ya tatu!"

Nyundo ikalia, mwenye mnada akapiga makofi, mpwa akaenda kununua soda.

Meza niliipindua nilipofika nyumbani. Mguu wa nyuma ulikuwa nta tupu.