Kijia cha Korongoni

Asubuhi ile nilikuwa naanika iliki walipofika wanaume watano, wapole, wakamwamkia mjomba wangu shikamoo. Waliomba mahali pa kulima. Kwetu juu ya Matombo ardhi ni ya ukoo wa mama, na mjomba ndiye aliyeigawa. Mgeni mwenye adabu hanyimwi. Goti lake lilikuwa bovu, akanituma mimi nikawaonyeshe mipaka.

Niliwazungusha kote. Mimi tena, kwa kupenda kuongea! Nikawaonyesha hata kijia cha korongoni, wanakoteka maji wanawake, ambacho mpita barabara hawezi kukiona.

Baada ya mavuno mawili walikuwa wengi, na bunduki hawakuzificha tena. Wakatangaza kuwa mlima wote ni milki ya Mungu na wao ndio watawala wake. Kanisa wakalifunga kwa mnyororo, shehe wa msikitini wakamfukuza, wakisema sala zetu sote ni batili. Mbwa akibweka tu, nilimwingiza mwanangu ndani. Kisha wakamtaka mjomba atamke hadharani kuwa ardhi amewaachia.

"Ardhi ya dada zangu nitaitoaje?" aliwajibu.

Tulijua watamrudia.

Siku ya tatu, tukiwa tunakunywa uji, risasi zikalia upande wa shule.

"Pandeni msituni na watoto," mjomba alisema. "Mimi na goti hili nitashukia korongoni."

Nilikumbuka. Naapa nilikumbuka.

Nikajiambia, kijia walichoonyeshwa mara moja, nani atakishika? Na niliona aibu kusema. Nikambeba mwanangu mgongoni, nikamshika mama mkono, tukakimbia.

Walikuwa wakimsubiri penye maji.

Wanajeshi walikuja, mapigano yakaisha, tukarudi kumzika. Watu husema alikufa shujaa. Ni kweli, lakini shujaa hanitanii asubuhi, wala haamui ugomvi wa mashamba, ambao sasa hauishi. Ninamkosa mno. Mama, ambaye ni dada yake, hakuacha kuuliza: "Korongoni walipajuaje?"

Juzi aliuliza tena, tukichambua mchicha uani. Nikamwambia ni mimi niliyewaonyesha. Nikamwambia pia kwamba siku ile nilikumbuka, nikanyamaza.

Alichambua majani mawili matatu.

"Mgeni lazima aonyeshwe maji," alisema.

Lile la pili hajalijibu mpaka leo.